Kigari chenye kiti: nilikinunua kwa aibu, sasa sisafiri bila hicho

Niseme mapema mtu asije kunilaumu baadaye, haya sio maoni ya mtu mwenye miguu mizima. Magoti yangu yote mawili yamesagika, la kulia ndio limezidi, nikitembea dakika kumi linaanza kunisemesha, ikifika kumi na tano linapiga kelele, na nisipopata pa kukaa basi safari imeishia hapo hapo. Na kusimama ndio kubaya kuliko kutembea, hili wenye magoti yao huwa hawalielewi kabisa, wanakwambia "si foleni tu hii mama, hata hutembei", kumbe foleni ya nusu saa inanimaliza mimi kuliko ningeitembea hiyo nusu saa. Kwa hiyo kama na wewe uko hivyo na bado roho inataka kwenda kuona mji wa watu siku mbili tatu, majengo, makumbusho, mto, basi soma, na kama magoti yako yako sawa soma hivyo hivyo maana una mama au una shangazi.

Ninachokiongelea ni kile kigari cha kutembelea cha magurudumu manne, wengine wanaita rolata, wengine woka ya magurudumu. Vishikio viwili vyenye breki kama za baiskeli, katikati kiti, chini ya kiti mfuko. Changu ni cha alumini, kilo 7 na kidogo, unavuta mkanda ulioko kwenye kiti kinajikunja kinasimama chembamba kama kitabu. Kampuni sitaitaja kwa sababu viko vingi sana vinavyofanana na mimi silipwi na mtu, we angalia sifa nitakazosema. Nimekaa nacho mwaka mmoja na miezi, nimekwenda nacho Berlin na London, kila mji siku tatu, kitinda mimba wangu ndiye alikuwa msindikizaji na mpanga ratiba.

Nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoikata nitaieleza, ina mkono wa reli za tramu, zile treni zinazopita barabarani katikati ya mji.

Kwanza kuhusu aibu, maana ndiyo iliyonichelewesha. Kabla ya hapo nilikuwa na fimbo, na nilikuwa naishika vibaya miaka miwili mizima, goti bovu la kulia na fimbo nashika kulia, hadi mtaalamu wa mazoezi ya viungo akacheka akaniambia hamishia mkono wa kushoto, fimbo inakaa upande wa mguu mzima ili uzito ugawanyike. Ikasaidia kweli. Lakini fimbo hukai juu yake. Nikanunua ile fimbo inayofunguka inakuwa kistuli cha miguu mitatu, nikaona hapa nimemaliza, jamani, kukaa unakaa, kuinuka je? Kile kistuli kiko chini halafu chembamba na hakina pa kujishikia, na mtu wa goti shida yake kubwa ni kuinuka, nikawa naomba watu nisiowajua waninyanyue. Nikakigawa. Kigari nilikuwa nakiona kabisa ila nikisema hicho ni cha bibi kizee, mimi bado. Mwanangu akaniambia "Mama, huko tunakokwenda nani anakujua?" Nikakosa jibu.

Baadaye nikaja kusoma kwamba aliyekibuni ni mama mmoja wa Sweden anaitwa Aina Wifalk, mwaka 1978, na mwenyewe alikuwa ameugua polio anatembea kwa shida. Nilivyolijua hilo nikakiangalia kigari changu kwa jicho lingine, maana ukikichunguza unaona kabisa ni kazi ya mtu aliyewahi kuchoka katikati ya barabara akakosa pa kukaa. Mtu mwenye miguu yake mizima angekuwekea magurudumu na breki akaondoka, kiti kisingemjia kichwani.

Na hapo ndipo nataka ukae kidogo, kwa sababu kilichobadilisha safari zangu ni hicho kiti kuliko hata magurudumu. Ratiba ya kwanza ya Berlin mwanangu aliipanga kwa ramani ya kwenye simu, hapa mpaka hapa dakika 12, hapa mpaka pale dakika 9, ikapendeza sana kwenye karatasi. Sasa dakika za ramani ni za mtu anayekwenda kama kilomita 5 kwa saa bila kusimama, dakika 12 zake kwangu ni 25 na hapo katikati nimekaa mara mbili. Hata taa za kuvukia barabara nyingi zimepigiwa hesabu ya mwendo wa kama mita 1.2 kwa sekunde, ndio maana mtu wa goti taa inamkatikia katikati madereva wanamtolea macho. Tukaichana ile ratiba. Tukapanga upya kwa viti, yaani kila mahali tunapokwenda swali la kwanza sio ni umbali gani, swali ni nitakaa wapi njiani na nitakaa wapi nikifika. Ukipanga hivyo bila kigari unakwama, kwa sababu kuna mitaa mizima ya mji huoni benchi hata moja, halafu sehemu za foleni ndio kabisa hazina. Ukiwa na kigari kiti unacho, popote unafunga breki unageuka unakaa. Ratiba ikafunguka yenyewe.

Kukaa kwenyewe kuna adabu yake, usije ukaanguka ukasema ni mimi niliyekushauri. Breki zina kazi mbili, ukivuta juu zinapunguza mwendo, ukisukuma chini mpaka zilie "tak" zimefunga. Zote mbili. Sio moja. Halafu unarudi nyuma mpaka usikie kiti kimegusa miguu, unashika vishikio, unashuka taratibu. Na tafadhali mtu asikusukume ukiwa umekaa. Mwanangu alinisukuma mara moja tu pale London kwenye njia ya kando ya mto, tunacheka kama watoto, gurudumu la mbele likaingia kwenye mwanya wa mawe kigari kikasimama ghafla, mimi nikaendelea. Nilitua kwa mikono, sikuumia, lakini hicho kigari hakijatengenezwa kwa kazi hiyo. Kama unajua utahitaji kusukumwa kuna aina zake zenye pa kuwekea miguu zinageuka kuwa kiti cha magurudumu, uliza hizo.

Vipimo. Urefu wa vishikio usiukisie, simama wima na viatu utakavyovaa safarini, achia mikono ining'inie, kishikio kifike usawa wa kiwiko cha mkono, kile kiungo cha karibu na kiganja, sio kisugudi. Ukishika, kisugudi kipinde kidogo tu. Wengi nawaona wameviweka juu sana wanatembea mabega yako masikioni, au chini sana wameinama wanaonekana wanasukuma toroli la mizigo, jioni wanalalamika mgongo. Kiti nacho, kwa mtu wa goti kiwe juu kiasi, changu ni sentimita 55, kuinuka hapo ni rahisi kuliko sentimita 45 za kiti cha kawaida, ila kama wewe ni mfupi miguu itaning'inia, jaribu kwanza dukani. Angalia na uzito kinachobeba, imeandikwa kwenye stika, usione haya kuisoma.

Magurudumu ndio nitakaa hapa zaidi.

Changu kina magurudumu ya sentimita 20. Ndani ya makumbusho kinateleza kama kwenye barafu, kwenye lami safi, kwenye zege safi. Kwenye mawe yaliyopangwa ya mitaa ya zamani ni balaa, kinatetema mpaka meno, mikono inakufa ganzi na mizigo yote kwenye mfuko inachanganyika kama saladi. Wenye ya sentimita 25 na tairi laini wanapata nafuu, na ningekuwa nanunua leo ningechukua hayo. Sasa reli za tramu. Pale Alexanderplatz, Berlin, tramu zinapita katikati ya uwanja watu wanavuka tu, nikavuka kwa mshazari kama nilivyozoea kuvuka kila kitu, gurudumu la mbele la kulia likageuka likazama kwenye ule mfereji wa reli likakaa humo vizuri kabisa kama limetengenezewa. Nikavuta, halitoki. Nikasukuma, halitoki. Tramu naiona kule mbali bado imesimama kituoni imejaza taa, na mimi goti la kulia limechagua wakati huo huo kunikumbusha liko wapi. Mwanangu akakimbia akanyanyua mbele, likatoka, tukavuka, tukakaa, yaani mimi nikakaa juu ya kigari yeye akakaa chini kwenye sakafu, tukatazamana hatukusema kitu. Reli zinavukwa moja kwa moja, gurudumu likutane na reli kama msalaba, na unapunguza uzito mbele kwa kukandamiza vishikio kidogo. Hakuna mahali kwenye kijitabu chao walikoandika hilo. Nyota ilikwenda hapo.

Kingo za barabara zina ujanja wake, nyuma karibu na gurudumu kuna kijiti cha kukanyaga, unakanyaga mbele inanyanyuka unaiweka juu ya ukingo halafu unamalizia. Kama chako hakina hicho kijiti, kirudishe. Ngazi hakipandi, hiyo ieleweke, ngazi ni za kumpa mtu akibebe wewe ushike ukuta.

Haya, jinsi kilivyofanya kazi mjini kwenyewe. Berlin tulitumia basi namba 100 mpaka dereva mmoja nadhani alitujua. Hili ni basi la kawaida la abiria, lilianza 1990 baada ya ule ukuta uliogawa mji kuanguka likaunganisha magharibi na mashariki, linatoka Zoologischer Garten linakwenda Alexanderplatz, njiani unapita kwenye mnara wa Siegessäule, unapita ikulu ya Bellevue, bunge la Reichstag, halafu Unter den Linden yote mpaka kwenye ule mnara wa televisheni wa mita 368. Kwa tiketi ya basi la kawaida. Umekaa. Sakafu ya basi iko chini, kuna rampu, unaingia na kigari bila kumsumbua mtu. Siku ya kwanza tulipanda mwanzo mpaka mwisho hatukushuka popote, mwanangu akaona tunapoteza muda, nikamwambia mwanangu hapa ndio tunapanga, ukiona kitu kimekuvutia andika, kesho tunashuka hapo tu. Kesho yake tulishuka mara mbili. Reichstag tulikuwa tumejiandikisha mapema kwenye mtandao, ni bure lakini lazima ujiandikishe, lifti inakupandisha juu kwenye paa na ndani ya lile kuba la kioo njia ni mteremko wa kuzunguka, hakuna ngazi, nilikwenda robo yake nikakaa kwenye kiti changu nikaangalia mji, watu wananipita wanapanda wanashuka, mimi nipo tu. Ule mnara wa televisheni hatukupanda, viti vya magurudumu haviruhusiwi juu kwa sababu za uokoaji ikitokea hatari, na mimi mahali ambapo lifti ikizimwa siwezi kushuka huwa nauangalia kutoka chini na inatosha.

Kwenye basi usikae kwenye kiti cha kigari, hata kama breki umefunga. Basi likikata kona utakwenda na kigari chako mpaka mlangoni. Kaa kwenye kiti cha basi, kigari kifungwe breki kisimame pembeni yako ukikishika. Na ile nafasi ya kiti cha magurudumu ni ya mwenye kiti cha magurudumu, akija unakunja unampisha, changu kinakunjika kwa mkono mmoja sekunde tatu.

Yale mabasi ya watalii ya juu wazi, ya kupanda na kushuka, tulijaribu kampuni moja, kwenye mji gani nayaacha. Tangazo lao lina alama ya kiti cha magurudumu kubwa. Tulipofika basi la kwanza rampu imekwama, la pili dereva kasema hana funguo ya rampu, la tatu likatuchukua tayari saa nzima imekatika, nilikaa muda wote juu ya kigari changu pembeni ya barabara nimetulia kama niko sebuleni, mwanangu ndiye aliyekuwa anawaka. Ndani ukikaa chini huoni kitu cha maana, utamu wote uko juu na juu ni ngazi za kujipinda. Kwa mtu kama mimi basi la kawaida lenye njia nzuri linashinda hilo mara mia. Kama unalazimika, waulize mapema kabla hujalipa, rampu inafanya kazi leo? Sio ipo. Inafanya kazi.

London kwa upande wa mabasi nimeipenda zaidi, mabasi yote ya kawaida ni ya sakafu ya chini na yana rampu, na taksi nyeusi nazo zinaingiza kiti cha magurudumu, kwa hiyo ukichoka popote unanyoosha mkono. Namba 15 inatoka Trafalgar Square inapita kanisa la St Paul's mpaka Tower of London, ile ngome ya kale, nayo ni matembezi tosha ukiwa umekaa dirishani. Treni za chini ya ardhi ndio za kuangalia, mtandao ni wa zamani sana, vituo 272 na kama theluthi moja tu ndivyo unaingia bila kupanda ngazi. Ramani yao ina alama mbili na watu wengi wanazichanganya, kiti cha magurudumu kwenye duara la bluu maana yake kutoka barabarani mpaka ndani ya treni hakuna ngazi, kwenye duara jeupe ni mpaka platfomu tu, kuingia kwenye treni unaweza kukuta mwanya au kidato. Sisi tulijipangia bluu tu. Elizabeth line iliyofunguliwa 2022 vituo vyake vyote 41 havina ngazi za lazima, tukawa tunaitafuta hata pale ambapo njia nyingine ni fupi. Mwanangu anasema tulizunguka. Ndiyo, tulizunguka tumekaa.

Boti ya mto Thames ilikuwa siku bora ya safari nzima, tulipanda Westminster tukashuka Greenwich, mji unapita wenyewe mbele yako na wewe umekaa. Ila kuna kitu kimoja ambacho hakuna aliyetuambia, ule mto unapwa na kujaa, tofauti inafika mita 7 hivi katikati ya London, gati linaelea linashuka na maji kwa hiyo lile daraja la kushukia maji yakiwa yamejaa liko karibu tambarare na maji yakipwa linakuwa mteremko wa kutisha. Tulikwenda maji yamepwa. Kushuka nilishika breki nusu nusu njia nzima mpaka vidole vikauma, na hapo ndio nikashukuru kwamba breki nilizikaza kabla ya safari. Kurudi tulisubiri, tukakaa Greenwich mpaka maji yakapanda. Ratiba ya maji unaipata kwenye simu kirahisi tu, iweke kwenye mipango yako.

Makumbusho sasa. Hapa nakwambia kigari hakitoshi na sioni aibu kusema. Makumbusho makubwa yanaua. Unaingia saa nne asubuhi ukitoka huna miguu wala hukumbuki ulichokiona. British Museum wanaazimisha viti vya magurudumu bure, Louvre ya Paris nao hivyo hivyo, na Louvre ni kama mita za mraba 73,000 za maonyesho, nani anazitembea hizo? Tulichofanya British Museum, kigari tuliacha kwa wahusika, mwanangu akanisukuma kwenye kiti chao, tulichagua vyumba vinne tu kabla hatujaingia. Vinne. Vyumba vingine vyote tukavipungia mkono. National Gallery tofauti, kule ndani kuna mabenchi mengi katikati ya vyumba na kuingia ni bure, kwa hiyo tulikwenda mara tatu nusu saa nusu saa badala ya mara moja masaa manne, kigari changu kikatosha kabisa na mara moja nilikiegesha mbele ya picha moja nikakaa hapo dakika ishirini mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nipo sawa. Niko sawa baba, naangalia picha. Tower of London tuliingia pia, humo kuna mawe ya zamani na ngazi za mviringo nyingi, nyumba ya vito ndio inayoingilika vizuri, tukaona taji tukatoka.

Uwanja wa ndege kigari kinasafiri bure, sheria za Ulaya, ile namba 1107 ya mwaka 2006, inakuruhusu vifaa viwili vya kukusaidia kutembea bila kulipia na msaada wa uwanjani ni bure, ila uwaambie saa 48 kabla. Usiseme tu "naomba msaada", jua msimbo wako. WCHR ni mtu anayeweza kupanda ngazi za ndege na kujitembeza hatua chache ila umbali mrefu hapana, ndio mimi. WCHS ngazi hawezi. WCHC hawezi kabisa, abebwe mpaka kwenye kiti chake. Safari ya kwanza walituandikia vibaya wakaniletea gari la kuniinua kama mzigo wakati ngazi sita ningezipanda mwenyewe taratibu. Kigari unakwenda nacho mpaka mlango wa ndege, hapo wanakibandika karatasi wanakiweka chini. Toa ule mfuko, toa kila kinachochomoka, funga mkanda kisifunguke. Mimi safari ya kurudi walikipeleka kwenye mkanda wa mizigo badala ya kunirudishia mlangoni, nikafika nacho kinazunguka peke yake katikati ya masanduku kama mtoto aliyepotea, kishikio kimoja kimepinda. Shirika nalihifadhi. Nilipiga picha pale pale nikaandika ripoti kabla sijatoka ukumbini, wakatengeneza. Ukitoka nje ya ule ukumbi bila ripoti umejitakia.

Skuta za umeme nimeulizwa sana. Nzuri, kasi, unakaa muda wote, lakini betri za lithiamu zina masharti ndani ya ndege, ya kutolewa isizidi saa-wati 300 na shirika liidhinishe kabla, halafu kwenye lifti ndogo za hoteli haigeuki. Kukodi huko huko siku moja naona ni sawa. Kigari hakina betri, hakuna anayekuuliza kitu.

Hoteli kidogo tu. Tuliandikiwa "kuna lifti". Lifti ipo kweli, na mlango wake uko juu ya ngazi tano. Tangu siku hiyo siulizi kama kuna lifti, nauliza kutoka barabarani mpaka kitandani kwangu nitapanda vidato vingapi, na naomba picha ya mlango wa mbele. Wakinijibu "vichache" natafuta kwingine. Uliza pia kama bafu ni la kuingia kwa kuruka ukingo. Kigari hakisaidii bafuni.

Nani asinunue, mtu ambaye vidole havina nguvu ya kubana breki, na mtu ambaye mwili wake unamvuta kwenda mbele mwenyewe, magurudumu yatamkimbia, huyo amwone mtaalamu kwanza. Na mtu ambaye hawezi kusimama kabisa, huyo ni kiti cha magurudumu sio hiki.

Inayofuata ni Paris, mwanangu kashaanza kuchora. Treni za chini kule karibu zote ni ngazi tupu isipokuwa namba 14 ambayo vituo vyake vyote vina lifti, kwa hiyo tunapanga mabasi, namba 69 inatoka karibu na mnara wa Eiffel inapita Louvre inakwenda mpaka Bastille na kuendelea, nimeshajiona dirishani. Gurudumu la mbele la kulia, lile lile la kwenye reli, limeanza kulia kwii kwii tangu wiki iliyopita, nimelitoa nywele zilizojisokota kwenye ekseli nikalipaka mafuta, limenyamaza siku mbili limerudi tena. Nimeagiza jipya. Likifika nitasema hapa kama linaingia bila kwenda kwa fundi.